Mzigo Nyuma ya Mlango

Mwaka nilipoukaribia umri aliofia baba yangu, nilishindwa kabisa kukaa kitako. Nikikaa, nasimama. Nikisimama, natoka. Nikifika njiani natazama upande wa Ihembe kama ninayemngoja mtu, halafu upande wa Kanoni, kisha narudi ndani na kumgombeza yeyote nitakayemkuta. Watu walianza kunicheka. Mzee mmoja aliyefuata chumvi aliniuliza, "Waitu, ndugu yangu, umekalia siafu?" Nikamwambia anunue chumvi yake aende zake. Alikwenda zake, na chumvi hakuinunua.

Duka letu lilikuwa Omurushaka, penye njia panda. Siku zile palikuwa kichaka kweli kama jina lake lisemavyo, na mvua ikinyesha usingeona njia kwa majani. Baba alikuwa mtu wa pwani. Alikuja Karagwe na misafara ya pembe kupitia Unyanyembe, nami nikimfuata, kijana ambaye ndevu zimeanza kuchungulia. Tulitembea mpaka nyayo zikawa ngumu kama kwato. Baadaye pembe zikaadimika, Wadachi wakajenga boma lao Bukoba, na biashara ikahamia ziwani. Misafara ikakoma kupita kwetu. Sisi tukabaki na duka: kaniki, shanga, chumvi, majembe, na buni tuliyonunua kwa wakulima. Miguu iliyotoka Unyanyembe sasa ilikuwa na safari moja tu, ya kutoka mkekani hadi kwenye robota la nguo.

Baba alifia kwenye mkeka ule. Alikuwa anamkatia mteja kaniki. Aliweka mkasi chini taratibu, akashika kifua, akainama kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Hakuinuka tena. Tulimzika nyuma ya migomba, na tuliporudi ndani ndipo nilipoona mzigo wake nyuma ya mlango. Umefungwa kwa kamba ya katani, mafundo mazuri ya msafiri: msala, kanzu mbili, viatu vya ngozi, kibuyu cha maji. Baba alikuwa na safari ambayo hakuniambia. Hapa Karagwe nilikuwa mwanawe wa pekee na ndugu yake wa pekee, kwa hiyo niliuelewa mzigo ule kwa namna moja tu: alikuwa ananiacha. Na kwa kuwa miezi yake ya mwisho alikuwa mkali kama pilipili, anatoka na kuingia na kunifokea bila sababu, nilisema basi, alinichoka. Nilimwombea dua kila Ijumaa, na kila Ijumaa nilikuwa nimemkasirikia.

Urithi alioniachia ulikuwa duka, kaburi, na adabu moja ya kazi, ambayo lazima niieleze.

Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, humkaribisha mgeni kwa rubisi, pombe ya ndizi, na mwenye nyumba huionja kwanza ili mgeni ajue haina sumu. Sisi ni Waislamu, rubisi hatuna. Tuna akamwani, yaani buni iliyochumwa mbichi, ikachemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikaanikwa. Haipikwi kinywaji, hutafunwa. Huwekwa katika kikapu kidogo chenye kifuniko, na mgeni hupewa punje. Mnyambo hutafuna punje yake asubuhi, pengine na nyingine akipata mgeni, basi. Lakini baba alipofungua duka kulikuwa na maneno kwamba watu wa pwani wana dawa mbaya, kwamba hata chumvi yao iangaliwe. Baba akaamua: kila atakayekanyaga mlango wake atapewa akamwani, na yeye mwenyewe atatangulia kutafuna mbele ya macho yake. Kila atakayekuja, mnunuzi au mpita njia au mpiga porojo. Maneno yakafa. Duka likajaa. Nami nilipokalia mkeka wake nikaendelea vilevile, maana mtu haachi mlango uliomlisha. Siku ya soko taya ziliniuma mpaka jioni.

Basi, mwaka ule moyo ulianza. Nakaa nimetulia, mara unakwenda mbio kana kwamba ninakimbizwa. Jasho linanitoka, vidole vinatetemeka, mkasi unakwenda upogo, na mwanamke wa watu anaondoka na kaniki yenye pindo kama meno ya msumeno. Usingizi ulinikimbia. Chakula nilikiona kama adhabu. Nilichukia sauti ya mchi kinuni, nilichukia kuku, nilichukia hata kusikia watu wakicheka nje, maana nilijua wananicheka mimi, na kweli mara nyingine walikuwa wananicheka mimi.

Niliogopa. Nasema wazi kwa sababu wakati ule sikusema. Mwanamume wa makamo, mwenye duka, mwenye mke na watoto, ataanzaje kusema anaogopa? Akimwambia nani? Wazee watamwambia wewe bado kijana. Vijana watamwona kazeeka. Niliogopa kufa, na zaidi niliogopa kufa pale pale mkekani, nimeinama kama baba, watu wakidhani natafuta sarafu. Kila mkono wangu ulipokwenda kifuani niliurudisha haraka, mke wangu asione.

Mke wangu alikuwa binti wa mkulima wa migomba wa Ihembe. Mwanamke mpole wa sauti, si mpole wa macho. Aliniuliza mara moja, "Baba watoto, unaumwa?" Nikamjibu, "Nani kakwambia?" Hakuuliza tena. Akaendelea kumenya ndizi zake, akanitazama.

Kwa siri nilikwenda kwa mwalimu wa Kurani aliyekaa Kanoni, nikamwambia nina rafiki anayesumbuliwa na moyo. Mwalimu hakutaka kujua rafiki ni nani. Akaandika kombe, aya kwa zafarani ndani ya sahani, akaziosha kwa maji, akasema, "Mpelekee rafiki yako anywe." Rafiki yangu akalinywa pale pale nje ya ua. Haikupita muda tukauona mwezi wa Ramadhani.

Siku za mwanzo kichwa kilitaka kupasuka, nikasema ni njaa. Kisha, ajabu! Moyo ukatulia. Nilikaa mkekani mchana kutwa nikatoka nimenyooka. Wageni waliokuja niliwasalimu kwa mdomo mtupu, nao walijua kwamba Waislamu wanafunga, hawakudai kitu. Nikakata kaniki zilizonyooka. Baada ya futari nililala kama gogo. Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru mwalimu, na hata kuku niliwasamehe.

Idi ikaja. Watu walimiminika dukani, Waislamu na wasio Waislamu, kila mmoja na salamu yake, na kikapu kikazunguka toka asubuhi. Kabla mwezi mpya haujanenepa, moyo ulikuwa umerudi mbioni, na safari hii ulikuja na hasira ya aliyefungiwa nje.

Hapo nikaona nimeelewa. Nilisema: Ramadhani ilikuwa ruhusa. Mungu kanipa nafasi nijitayarishe, na sasa nafasi imekwisha. Nikaamua kuondoka. Nitafute njia ya Unyanyembe, kutoka huko nishuke pwani kwa jamaa za baba ambao sijawaona tangu ujana wangu, nifie kwa watu wanaojua kuniosha na kunisalia. Hapa Waislamu tulikuwa wachache wa kuhesabika, na sikutaka mke wangu anione nikiinama. Nilijiambia kuwa namhurumia. Ataamka, atakuta sipo, atalia, kisha atarudi kwa baba yake Ihembe na watoto, na migomba haijawahi kumnyima mtu chakula. Mpango wote ulinipendeza sana. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Mchana mmoja mke wangu alikuwa shambani. Nikatoa msala, kanzu, viatu, kibuyu, nikafunga kwa kamba ya katani, nikaweka nyuma ya mlango. Nilipokaza fundo la mwisho moyo uligonga mpaka nikauona kwenye kanzu. Ilibidi nikae chini.

Nilipokuwa nimekaa hivyo akaingia. Alikuwa na mkungu kichwani. Aliutua, akanitazama, akautazama mlango. Alitoka uani, nikasikia maji, ananawa. Akarudi amejifunga nguo yake nzuri, kikapu cha akamwani mkononi. Akapiga magoti mbele yangu, jinsi wanawake wa kwao wanavyompigia magoti mgeni wa heshima. Akafungua kifuniko, akatwaa punje, akatafuna kwanza, akameza, kisha akaninyooshea kikapu.

"Karibu, mgeni wetu," alisema. "Nimetafuna, haina sumu. Tafuna nawe, ndipo uende."

Nikamwambia aache mchezo.

"Si mchezo. Mwenye nyumba akisafiri huaga. Anayeondoka bila kuaga ni mgeni, na mgeni hatoki kwetu bila akamwani."

Mkono wangu ulikwenda kikapuni, ukatetemeka, punje zikamwagika magotini mwake. Hapo nikavunjika. Nililia mbele ya mke wangu, mimi mwenye ndevu zenye mvi, nikamwambia kila kitu: moyo, usingizi, mwalimu, rafiki wa uongo, pwani. Nikamwambia naogopa. Neno lile lilitoka kama mwiba uliokaa sana, kwa maumivu, na nyuma yake nafuu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kuokota punje moja moja na kuzirudisha kikapuni, na akiokota akawa anafikiri.

"Mwezi wa kufunga ulilala," alisema.

"Ni baraka ya mfungo."

"Ndiyo, baraka. Lakini hiyo baraka ilikuondolea nini mdomoni?" Akatikisa kikapu. "Babu yangu akizidisha hizi, hushinda shambani akigombana na migomba. Tunamcheka. Na yeye hutafuna za kwake tu. Wewe unatafuna za kwako, na za Kanoni, na za Ihembe nzima."

Nilipandwa na hasira. Mtu aliyejitayarisha kufa hapendi kuambiwa ni buni. Nikasema kwa sauti, "Unajua nini wewe? Baba yangu alitafuna hivi hivi, kwenye mkeka huu huu, mpaka siku aliyoku—"

Sikumaliza. Nilikisikia nilichokisema. Mke wangu naye alikisikia, akainamisha macho, akafunga kifuniko.

Tangu siku ile yeye ndiye aliyekaa mlangoni na kikapu. Mgeni akija, punje moja aliimega nusu akaitafuna mbele yake, na siku watu walipokuwa wengi alimwita shangazi yake wakapokezana. Wakorofi walisema mtu wa pwani kanyang'anywa mkeka. Niliwaacha waseme. Kichwa kiliuma tena kama mwanzo wa Ramadhani, kisha kikaacha. Mimi nilirudia miguu yangu. Badala ya kungoja buni iletwe, nikawa naifuata kwa wakulima, Kanoni leo, kesho Ihembe, na jioni nilirudi na vumbi magotini na njaa ya kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nguo yangu niliivaa kwa adabu kabisa.

Sitasema nimepona kila kitu. Upo mchana ambapo bado nasimama bila sababu, natoka, natazama njia. Moyo bado una siku zake. Lakini siku hizi nikirudi ndani husema, "Leo umeanza tena," na mke wangu husogea kidogo mkekani, nakaa.

Umri wa baba nimeupita. Ule mzigo wangu, mke wangu aliufungua mwenyewe jioni ya siku ile aliyonipigia magoti, akarudisha kila kitu mahali pake, na kamba akamfungia mbuzi. Sikumzuia. Nilitoka nikaenda nyuma ya migomba, na kwa mara ya kwanza tangu tumzike baba nilisimama kaburini bila kinyongo. Sijui kilichomuua, kama ni buni au ni siku zake tu. Ila mzigo wake sasa naujua. Hakuwa ananikimbia mimi. Alikuwa mwanamume anayeogopa, aliyefunga mafundo mazuri, akangoja nyuma ya mlango wake mwenyewe, na katika nyumba ile iliyomkaribisha kila mpita njia hakupatikana mtu wa kumpigia magoti na kumwambia karibu.