Redio Chini ya Kiti

Binti yangu huja kunitembelea Kahororo kila Jumapili, na kila akija tunaanza kwa ugomvi. Anasimamisha kigari chake nje ya geti langu, anazima injini, halafu anainama. Anachukua kompyuta yake ya kazini, anaisukuma chini ya kiti, anaitupia kanga juu, anajiweka sawa, ndipo anashuka na tabasamu kama mtu ambaye hajafanya kitu. Mimi nimekaa barazani namtazama. Jirani anayepalilia mihogo anamtazama. Waendesha bodaboda waliojipanga pale kwenye kona wanamtazama. Namwambia kwamba angekwenda kutangaza redioni ingekuwa nafuu, maana redioni si wote wanaosikiliza.

Yeye hucheka na kusema shangazi ameanza tena. Namwita binti yangu, ingawa kumzaa sikumzaa. Ni mtoto wa kaka yangu, na nimemlea tangu alipokuwa anatambaa. Amesoma, ana kazi nzuri, lakini kwenye jambo hili ana kichwa kigumu kama baba yake. Mwizi hahangaiki na gari, namwambia. Anamtazama mwenye gari. Ukitaka kuficha kitu, kifiche nyumbani kwako kabla hujaondoka, na ukifika mahali shuka uende zako. Anaitikia ndiyo shangazi, na Jumapili inayofuata anainama tena. Nimechoka kusema, lakini nitasema.

Miaka ile alipozaliwa tulikuwa tunazika. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, wanajeshi walikuwa wamerudi makwao, watu wa upande wa mpakani walikuwa wanaezeka upya nyumba zao, na tulidhani tumemaliza. Kisha ugonjwa ukaingia. Mwanzoni watu waliuita kwa jina la shati la magendo lililokuwa likivukishwa kutoka Uganda; baadaye hawakuuita chochote, walisema tu kwamba fulani anaumwa, na sote tukaelewa. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kulikuwa na wiki ambazo nilishika chaki siku moja tu, siku nyingine zote niko msibani, nimekaa juu ya nyasi na wanawake wenzangu, nikifikiria nani anayefuata. Uchovu nilioupata wakati ule sijaumaliza mpaka leo.

Kaka yangu alikuwa na pikapu kuukuu. Siku za kazi alichukua sangara mwaloni, boti za wavuvi zinapotia nanga, upande wa Muleba, akawaleta sokoni Bukoba. Siku za misiba pikapu ileile ilibeba majeneza na waombolezaji, na harufu ya samaki haikutoka hata tuliposugua bodi kwa majivu. Watu hawakulalamika. Gari lilikuwa gari, na wenye magari walikuwa wa kuhesabika.

Redio ya pikapu ilikufa zamani, kwa hiyo alinunua redio ya kaseti, ile ya mkono wa kubebea na spika mbili, kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anafunga duka lake mjini ili awafuate watoto wake ng'ambo. Aliiweka kwenye kiti katikati yetu kama abiria. Tukitoka kuzika, tukishapita Muhutwe, kaka alikuwa anaiwasha na kucheza muziki wa Zaire. Mara ya kwanza wanawake waliokuwa nyuma waligonga bati kwa hasira. Mara ya pili wakanyamaza. Baadaye nilisikia mmoja wao anagonga taratibu, anaomba aongeze sauti kidogo. Hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa tumechoka kulia, basi.

Kilichokuwa na shida ni betri. Zilikuwa adimu, na zikipatikana zimeshachoka dukani. Tulizianika juani juu ya bati, wengine waliziuma kwa meno ili zikumbuke kazi yake, na kaka alijua kuzipanga za zamani na mpya zikavuta siku kadhaa. Kwa hiyo wifi yangu alipoanza kuumwa na kaka akaja na betri mpya kabisa, bado zina karatasi, nilijua kuna jambo.

Wifi alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko. Alikuwa amelala chumba cha mbele, ametazamishwa dirisha ili aone kibanja na migomba yake, na mtoto alikuwa hajajua hata kutembea. Alisema anataka kuzungumza na mwanawe na hawezi kumsubiri akue. Kaka akaweka kaseti tupu, akabonyeza, na wifi akaongea upande mzima. Nilikuwepo. Sikusikia maneno makubwa. Alimweleza namna ya kumenya ndizi: kwanza jipake mafuta mikononi, utomvu usikugande. Akamtajia wajomba zake na tabia zao, mlevi na mchoyo. Akamwambia asikubali mtu yeyote amdanganye kwamba mama yake alirogwa. Akamwambia shangazi yako hufoka tu, hana lolote, usimwogope. Mimi nimekaa palepale kitandani, na yeye ananikonyeza.

Alikufa kabla kahawa haijavunwa.

Kaseti ile ndiyo kitu pekee ambacho kaka alikuwa anakilinda. Nyumbani hakuiacha, maana nyumba ya msiba haina mlango. Ndugu wanakuja, wanalala, wanaondoka, na vitu vinaondoka nao bila nia mbaya. Tena kaseti tupu ilikuwa lulu, mtu angeweza kuikuta na kurekodia kwaya. Kwa hiyo aliiacha ndani ya redio, na redio ndani ya gari, na gari hakumwachia mtu. Alisema mtoto akifika umri wa kuelewa ataketi naye na kumsikilizisha mama yake. Mimi maneno nilikuwa nayo kichwani, ningeweza kumsimulia mtoto hata usingizini. Sauti ndiyo sikuwa nayo.

Sasa nieleze desturi yetu, maana hapo ndipo wezi walipotupatia. Kwetu mtu hafiki msibani kama anayefika sokoni. Wanawake wanaanza kulia kabla nyumba haijaonekana, na gari likisimama unashuka na kilio chako moja kwa moja hadi kwa marehemu. Husalimii watu njiani, hupangi mizigo, hufungi milango kwa kuvuta mara mbili mbili kuona kama imeshika. Mtu anayeonekana anahangaikia mali yake wakati mwenzake amelala kwenye jeneza, watamsema mpaka wajukuu zake. Kwa hiyo wenye magari walikuwa na akili moja, wote: walisimama kidogo kabla ya kufika, mahali ambapo waombolezaji hawawaoni, wakaficha walichonacho, ndipo wakaendelea.

Upande wa Muleba mahali hapo palikuwa kona moja yenye mikaratusi. Ukitoka kwenye hiyo kona unaona vijiji vya bondeni, na misiba mingi tuliyokwenda ilikuwa huko. Kila gari lilisimama pale. Kaka alisimama pale mara nyingi sana. Alikuwa anainama, anaisukuma redio chini ya kiti, anaifunika kwa gunia la kahawa, na wanawake nyuma walitumia nafasi hiyo kufunga kanga vizuri na kuandaa machozi.

Siku hiyo tulikuwa tunakwenda kumzika binamu yetu. Pale kwenye kona walikuwapo wanaume wawili na baiskeli iliyolazwa kwenye nyasi, kama watu wanaopumzika. Kaka alipomaliza kuinama, mmoja alivua kofia akatupa pole, na mwenzake naye akavua. Nakumbuka niliwaona watu wa heshima. Tulishuka hadi msibani, tukalia, tukazika, tukapewa kahawa ya kutafuna, tukaaga. Tuliporudi kwenye gari, kile kioo kidogo cha dirisha la pembeni kilikuwa kimevunjwa. Tairi la akiba lilikuwapo. Jeki ilikuwapo. Koti la kaka lilikuwa linaning'inia palepale. Gunia lilikuwa limekunjwa vizuri, na redio haikuwapo.

Wanawake walianza kulaani, mmoja akiwataja wezi na ukoo wao wote. Kaka aliingiza mkono chini ya kiti, akautoa, akauingiza tena. Kisha akaketi kwenye ngazi ya mlango na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba kaseti ilikuwa ndani. Nilijua. Nilikuwa nimeshajua tangu nilipoona kioo, na nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba sikuweza hata kumpa pole.

Mmoja wa wale wawili alikamatwa palepale kwenye kona, siku ya msiba mwingine, amekimbizwa na mwenye gari aliyerudi garini kuchukua miwani yake akamkuta ndani. Na sisi tulikuwapo, maana misibani tulikuwapo daima. Tulisikia kelele, tukapanda kilima, tukakuta vijana wamemweka chini na fimbo zimeshaanza, na mmoja anatafuta jiwe. Nilimtambua kwa kofia. Sitadanganya, nilitamani jiwe lipatikane. Kaka alikuwa ameshaanza kukonda wakati huo, lakini alipenya katikati yao, akasimama juu ya yule mtu miguu huku na huku.

"Mwacheni," alisema. "Mimi nimechoka kuzika."

Hakupiga kelele. Labda ndiyo maana walimsikia. Kila aliyekuwa pale alikuwa na kaburi ambalo udongo wake haujakauka, na fimbo zikashuka moja moja.

Mwizi akapelekwa ofisi ya kata, na huko, akisubiri polisi, aliongea kama mtu aliyepewa kiti barazani. Alisema hawakuwa na haja ya kupekua magari. Walikaa pale kwenye kona kwa sababu kila gari husimama, na walimtazama dereva tu. Akiinama kidogo, ni pochi. Akiinama sana na kusukuma kwa bega, ni redio. Aliyeacha kitu wazi kwenye kiti hawakumgusa, maana walijua ni kibovu. Kisha walishuka hadi msibani na watu wengine, wakaingia, mmoja akalia makaburini, na sala ilipoanza migongo yote ilikuwa imeyaelekea magari. Nilitaka kumtemea mate. Kaka alimwuliza jambo moja tu, kaseti iko wapi. Mwizi alidhani hakusikia vizuri, akasema redio iliuzwa mwaloni kwa wavuvi wa Goziba. Kaka akauliza tena, kaseti. Akasema ilikwenda na redio, nani angeitoa.

Goziba hufiki kwa gari wala kwa miguu. Ni boti tu, na wavuvi wa kule ni watu wa kuja kutoka kila pembe, leo wapo, kesho wamefuata samaki kisiwa kingine. Kaka alituma salamu kwa kila mchuuzi wa samaki aliyepanda boti: redio wabaki nayo, hatamshitaki mtu, anaomba kaseti yenye sauti ya mwanamke anayeongea Kihaya. Watu pale mwaloni walimcheka kwa upole, mtu anayeibiwa ng'ombe na kudai kamba. Aliendelea kutuma. Kisha hakuweza tena kuendesha, akaanza kutuma kupitia kwangu, na mimi nikabeba salamu hizo mwaloni huku nikijua fika kwamba ninachobeba ni upepo.

Ilikuja. Mama mmoja mchuuzi wa samaki aliifunga kwenye pindo la kanga na kunikabidhi mkononi, akaniomba radhi kwanza. Alisema alikuwa anapika kule kambini, na wavuvi walikuwa wanaisikiliza ile kaseti bila kuelewa neno, mpaka mmoja akaanza kurekodia muziki juu yake kutoka redio ya mwenzake. Yeye alikuwa amekisikia Kihaya kile, mwanamke anamwambia mtoto habari za utomvu wa ndizi, na alipojua wanakifuta aliacha sufuria akaenda kuwazuia. Alichelewa kidogo, alisema. Aliwapa chakula wakampa kaseti.

Tuliazima redio kwa jirani. Kaka alikuwa kwenye chumba kilekile cha mbele, ametazamishwa dirisha lilelile. Nilimweka mtoto kwenye mapaja yangu, nikabonyeza. Muziki. Gitaa tupu, na watu wa Goziba wakicheka kwa mbali. Tukasubiri. Muziki ukaendelea mpaka mtoto akaanza kuvuta mkufu wangu, na mimi nikaanza kumtafutia kaka maneno ya kumwambia. Hakunitazama. Kisha kitu kikakatika ndani ya redio, mlio wa kubonyezwa, na wifi akasema, kwa ile sauti yake ya kuvuta mwisho wa maneno, kama mtu anayesogeza kiti:

"Basi. Zima, betri zinaisha."

Ndiyo hiyo tu iliyobaki. Kaka akacheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kisha akalia, na mimi nikalia, na mtoto akatutazama mmoja baada ya mwingine. Tuliirudisha nyuma tukaisikiliza tena, na tena, mpaka betri za jirani zikaanza kulegea kweli. Kaka tulimzika mvua za vuli zilipoanza. Kaseti ilidumu nyumbani kwangu mpaka ikaota ukungu, mtoto akiwa bado mdogo mno. Nilipomwuliza alipokuwa sekondari kama anaikumbuka, alisema hapana, na aliona haya kusema hivyo.

Jumapili iliyopita alipokuwa anaondoka nilimfuata hadi kwenye gari ili nimfokee vizuri kuhusu kompyuta. Alikuwa ameketi ndani, injini imezimwa, redio inapiga na taa zinawaka, na mimi nimeegemea dirishani naeleza habari za kona, za mikaratusi, za watu wanaovua kofia. Nilieleza kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono kwenye redio.

"Basi, shangazi," alisema, akivuta mwisho wa maneno. "Ngoja nizime, betri inaisha."

Nilisimama pale na mkono wangu kwenye mlango. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia sijasikia alichosema, aseme tena.