Maji Yaliyoitwa Sifuri

Rawda alimpigia Zakir meza hadi kikombe cha chai kikapinduka. Hakuomba radhi, wala Zakir hakustahili kuombwa.

Asubuhi ile mama yake Rawda, Dalila, alikuwa amepiga simu kutoka kisiwa cha Chula: bibi amefariki, na bomba la tangi la mvua limejifunga lenyewe. Huko ofisini Kismayo, Zakir, aliyeandika programu ya bomba hilo, alishasema kwamba watu wa visiwani wamemaliza maji kwa fujo zao. Mashine haisemi uongo, alisema.

Rawda aliifungua programu ile. Katika C, lugha ya kuandikia programu, sifuri ni uongo na chochote kisicho sifuri ni kweli. Hata nukta nane ni kweli, ukiigeuza moja kwa moja kuwa bool, aina ya kweli au uongo tu. Lakini Zakir alikuwa ameitia kwanza kwenye int, aina ya namba nzima, na int haina habari na vipande. Hukata kila kilicho nyuma ya nukta. Tangini mlikuwa na maji ya kina cha nukta nane ya mita. Programu ikasoma sifuri, ikasema hakuna, ikafunga. Walipoijaribu Kismayo tangi lilikuwa pomoni, basi nani angejua? Rawda alijua. Alikuwa amemwonya kwamba kiangazi tangi la Chula halifiki mita moja, naye akamcheka.

"Ni mstari mmoja tu, dada," alisema Zakir, akifuta chai.

"Mstari mmoja umewanyima maji watu wa kisiwa kizima. Na leo tuna maiti wa kuosha."

Aliusahihisha palepale, akachukua kompyuta yake, akapanda boti kwenda Chula. Alipofika alasiri, bibi alikuwa ameshazikwa. Walimwosha kwa maji ya kisima, yale ya chumvi yasiyotoa hata povu la sabuni.

Aliingiza programu mpya. Bomba likafunguka, maji yakatoka kwa nguvu. Dalila akakinga kiganja, akaonja. Kisha akauliza kama asubuhi, walipokuwa wakimwosha bibi, maji haya yalikuwamo mle ndani.

Rawda angeweza kumdanganya, na kwa dakika moja alitamani kufanya hivyo.

"Yalikuwamo, mama."

Dalila akayamwaga yaliyobaki kiganjani. "Mchu wechu," alisema kwa lahaja ya kisiwani, yaani mtu wetu, "kaoshwa kwa chumvi."