Pikapu Nyeupe kwa Jina Langu

Leo nimeulizwa habari za gari ambalo sikulinunua.

Kampuni yetu inashona viti vya magari. Muuzaji wa magari tunayemshonea huwapa wafanyakazi wetu punguzo kwenye gari jipya, mara moja tu kwa kila mtu.

Asubuhi nilikwenda dukani kwake na kaka yangu Okello, mwanajeshi wa kambi ya Mbuya. Tumeweka akiba miaka minne.

Dada wa mauzo akaandika jina langu, akatabasamu.

"Karibu tena, nyabo. Ile pikapu nyeupe inaendaje?"

"Pikapu gani?"

Akanigeuzia kompyuta. Jina langu, kitambulisho changu. Sahihi si yangu.

Namba ya gari, jamani, niliijua kabla sijamaliza kuisoma. Ni ya msimamizi wetu, Mzee Kato. Mwaka jana alikusanya nakala za vitambulisho vyetu, akasema ni za bima.

Okello alitaka twende polisi hapo hapo. Nikamwomba asubiri.

Mama alipozidiwa, pikapu hiyo ndiyo iliyomfikisha hospitali ya Nsambya. Nililia nikimshukuru Mzee Kato.

Kesho atanipitia na pikapu hiyo hapa nyumbani Luzira twende kazini, kama kila siku.

Ninyi mngepanda?