Bibi Harusi Kalazwa Kifudifudi

Nichekeni tu, jamani. Jumapili niliwaalika wakwe zetu wa Ihanda, Felista na Kokushubira, waone video ya harusi ya mjukuu wangu Anitha. Waya nyekundu, nyeupe na ya njano nilizichomeka mwenyewe kwenye deki na televisheni, rangi kwa rangi. Nikatia CD yenye picha ya Anitha upande mmoja. Televisheni kimya, bluu tupu.

Nikampigia Deusi mpiga video: “Mwizi wee! CD haina kitu!”

Kokushubira akasema, “Basi harusi ya binti yangu simpi huyo Deusi aipige video.”

Deusi akaja mbio na bodaboda, akafungua deki.

“Shikamoo, bibi. Mbona umemlaza bibi harusi kifudifudi?”

“Si ili deki imwone uso?”

“Bibi, deki inasoma upande unaong'aa.”

Akaigeuza. Anitha akatokea anacheza, lakini wakwe walikuwa wananitazama mimi.