Meli Ilisimama Goma, Nikapitia kwa Shangazi

Kama umewahi kusikia huko Bukavu habari ya mwalimu aliyetafutwa na nusu ya mtaa wa Birere, kule Goma, huku yeye amejikunyata ndani ya meli anatafuna biskuti, usihangaike kuuliza ni nani, ni mimi, na aibu yake nimeshaizoea kama mtu anavyozoea jina la utani. Tena mimi ni mkuu wa nidhamu wa shule yetu, yule anayesimama getini asubuhi kuwafungia nje wanafunzi waliochelewa (na kuwahubiria, wanasema, mpaka wanatamani bora fimbo). Mtaelewa basi kwa nini wenzangu hawachoki kukisimulia kisa hiki, na kwa nini leo nimeona heri nikisimulie mwenyewe.

Yalikuwa matembezi ya walimu. Tulichukua meli asubuhi Bukavu, tukazunguka ziwa, tukapita kando ya kisiwa cha Idjwi tukipiga picha na kuimba, na mpango ulikuwa jioni tusimame Goma kidogo, watu wanyooshe miguu, halafu turudi. Tulipofunga bandarini, mkuu wetu wa shule, Mama Prefe, alisimama penye ngazi akatuambia kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka, "Batu yangu, saa moja tunaondoka. Meli haingoje mutu, hata mimi." Kisha akanigeukia, "Mwalimu Ramazani, weye ni mutoto wa hapa, tena ni mutu ya nidhamu. Utanisaidia kuhesabu batu." Nikasema hakuna shida, kwa kujiamini kabisa.

Wenzangu walikwenda kando ya ziwa kula sambaza za kukaanga, vile vidagaa vya ziwa letu, na ningekuwa na akili ningekwenda nao. Lakini mimi nilikuwa na Shangazi Mwamini pale Birere, dada ya baba yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki, na sikuwa nimemwona tangu tumzike mume wake. Nitawezaje kukanyaga Goma nisimsalimie? Nikapiga hesabu: moto (pikipiki ya abiria) kwenda, salamu, chai, moto kurudi, na muda utabaki. Simu sikupiga, kwa sababu namjua, ukimpigia atapika, na akipika hutoki (watu wa asili ya Maniema, kama sisi, wanajua nasema nini).

Alikuwa amekaa mlangoni anachambua sombe, majani ya muhogo. Aliponiona hakupiga kelele, aliweka tu sinia chini polepole, akasimama, akafuta mikono kwenye kitenge, akanishika uso. Akasema, "Ramazani. Mutoto yangu. Umekuya siku ngapi?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema, Shangazi, napita tu, meli inaningoja, mkasa wote usingekuwepo. Lakini angalia mwenyewe, mama amekushika uso namna ile, macho yamejaa, utamwambia umekuja kwa dakika? Nikasema, "Tutaona, Shangazi." Yeye akasikia siku tatu, labda wiki.

Basi mambo yakaanza kukimbia. Kwanza viatu, akasema vina vumbi la volkano, akavichukua kwenda kuviosha, akaniletea sandali za marehemu mume wake. Kisha koti, akalitundika chumbani penye kitanda ambacho tayari alikuwa anakitandika shuka mpya. Kisha akatoka, nikamsikia nyuma ya nyumba anakimbizana na kuku. Kila nilipofungua mdomo niseme, aliingia jirani kunisalimia, na mama jirani mmoja aliniangalia miguu akasema, "Kumbe sandali za muzee zimepata mutu," nikavuta miguu chini ya kiti. Shangazi mwenyewe nilikuwa namwona mgongo tu, anapita na maji, anapita na kuni, anapita na mchele.

Kuaga nako ni kazi. Kwetu mgeni hatoki hivi hivi, anasindikizwa, na kusindikiza kwa Shangazi ni safari nyingine, mnasimama kila kona mnaagana upya. Nikaona jua limezama, adhana ya magharibi ikalia, na meli inaondoka saa moja. Shangazi akachungulia, "Enda ukoge kwanza, maji ya moto iko tayari. Ukitoka utanichinjia ile kuku, hapa hakuna mwanaume wa kuchinja."

Nikavua shati nikabaki na singlendi na suruali, nikachukua taulo, nikaingia bafuni, yaani kile kijumba cha mbao nyuma ya nyumba. Ndoo inatoa mvuke. Na nyuma ya kijumba kuna ukuta wa mawe ya volkano, uleule niliokuwa naruka utotoni nikikwepa kutumwa sokoni. Nikajiambia, Ramazani, ukimuaga atalia na meli itakuacha, ukiruka utamwomba msamaha kwa simu ukiwa ziwani. (Mtu mzima, ana watoto wanne, ndivyo alivyofikiri.) Nikatundika taulo mlangoni ili ionekane bado naoga, nikaruka, nikachunika goti, nikapata moto barabarani. Tulipofika katikati ya njia nikajipapasa nimpigie Shangazi. Simu ilikuwa ndani ya koti, koti lilikuwa chumbani kwake.

Bandarini nilipita kwa kuinamisha kichwa. Mama Prefe alikuwa mbele kabisa amenipa mgongo, anaongea na simu, na mimi na singlendi yangu sikutaka anione, nikashuka chini, nikajificha nyuma ya lundo la maboya, nikakuta biskuti zetu za safari nikaanza kula kwa woga. Nikangoja tuondoke. Hatuondoki. Juu naona miguu inakimbia huku na huku, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kukasirika. Nikasema moyoni, hawa walimu hawajui saa, kesho nitawaandikia wote kama wanafunzi.

Kumbe Mama Prefe alikuwa amepiga simu yangu, ikalia kwenye koti, na Shangazi akaipokea. Wakati huo Shangazi alikuwa ametoka kusimama nje ya bafu, maji yamepoa, taulo liko palepale, mtu hayupo, hakupita mlangoni, hakuna aliyemsindikiza, na simu yake imebaki. Kwetu mtu akipotea hivyo jioni, hakuna anayewaza kwamba ameruka ukuta, wanawaza ametekwa. Kila mmoja kati ya wanawake hao wawili akamwambia mwenzake kwamba hajui nilipo. Mama Prefe akaizuia meli. Shangazi akatoka na majirani, wakanitafuta mtaani mpaka bandarini.

Nilisikia jina langu kwanza kwa mbali. Nikapanda ngazi na biskuti mkononi, na pale chini, kwenye taa za bandari, nikaona moto nyingi, akina mama na vitenge vyao, walimu wenzangu wote na tochi za simu zao, na katikati Shangazi Mwamini ameshika koti langu kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa nguo za maiti. Watu wote wakaniangalia. Halafu wakaangalia biskuti.

Hakuna aliyecheka, kicheko kilikuja baadaye na hakijaisha mpaka leo. Nilishuka. Nilikuwa nimetayarisha uongo wa kutosha, lakini nilipomfikia nikaona alivyolikumbatia lile koti, ukaniishia wote. Nikamwambia kweli, kwamba meli ilisimama kidogo tu na nilishindwa kumwambia.

Akanivalisha koti kama mtoto, akafunga vifungo mpaka cha juu. Akasema polepole, "Ungeniambia uko na dakika kumi, ningekaa na weye dakika kumi. Sasa nilikuwa nahangaika na kuku na maji, nikijua tuko na usiku muzima wa kuongea. Hata sura yako sikuiangalia vizuri."

Nililia mbele ya walimu ambao kila Jumatatu wananisikia nikiwaambia wanafunzi wetu kwamba machozi hayafungui geti.

Mama Prefe, ambaye meli yake haingoji mtu, alitazama ziwa akasema tungoje kidogo. Shangazi akanisindikiza mpaka ngazini, hatua chache, akisimama kila mara kuagana upya, na safari hii sikumharakisha. Akanipa viatu vyangu safi, alivyotuma moto moja ikavichukue nyumbani, na kuku akiwa hai, amefungwa miguu, niende nimchinje kwangu. Nikainama nivue sandali nimrudishie, akanizuia. "Hizo utarudisha mwenyewe."

Kuku alipiga kelele mpaka Bukavu. Sandali ziko chini ya kitanda changu, mke wangu anazifagilia pembeni kila asubuhi. Nimeapa, nikipita kwa mtu napita na saa yangu mkononi, namwambia mlangoni kabla sijakaa, na kuruka ukuta nimewaachia wanafunzi. Wiki iliyopita nilimpigia Shangazi kwamba likizo ikianza naja, nitakaa siku tatu.

Akauliza, "Siku tatu ao dakika tatu? Niambie tu, mutoto yangu, nijue kama nipike ao nikae."