Kijana Aliyeitwa Shomoro

Mwanangu, kuna siku moja ya Watakatifu Wote ambayo hunirudia kila Novemba ikifika. Nilikuwa kijana bado, mgeni wa miaka michache hapa Brussels, nikihudumia wazee majumbani kwao huko Woluwe. Mzee wangu wa siku hizo tulimwita Daktari, mama wa Kipolandi aliyewahi kutibu watu kwetu Bukavu. Kiswahili chetu alikisema bila haya, na makosa yetu yote humo.

Siku hiyo alitaka nimpeleke makaburini, maana kwao kila kaburi huwashiwa mshumaa. Nikadhani ana mtu wake pale. Kumbe hana. Alisimama chini ya msalaba mkubwa, wanapowashiwa waliozikwa mbali, akauwasha mshumaa wake.

“Ni wa nani, Daktari?”

“Wa Shomoro. Jina yake ya kweli sikuijua hata siku moya.”

Akanieleza. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akiwa msichana, alikuwa katika jeshi la siri mjini kwao, akibeba dawa na bandeji chini ya koti. Mle kila mtu alikuwa na jina la kubandikwa, na kuuliza la kweli ilikuwa mwiko: usilolijua, hata upigwe vipi, hutalitoa. Siku moja aliamka na homa, Shomoro, kijana mwenzake humo, akaubeba mfuko wa dawa kwa niaba yake. Hakurudi. Vita vilipoisha alitaka kumtafuta mama wa yule kijana, lakini angemuulizia kwa jina gani? Tangu awe daktari, alisema, hakumgusa mgonjwa kabla ya kumuuliza jina lake na la baba yake.

“Alors, na weye? Ndugu yako ule mwenye alipotea kwa vita, anaitwa nani?”

Daktari alijua ndugu yangu alipotelea msituni tulipokimbia vita vya kwetu, ila jina lake sikuwahi kulitaja tangu nifike Ulaya. Niliona nikilitaja mbele ya mshumaa nitakuwa nimemzika kwa mkono wangu, nami nilikuwa bado namngoja. Kila nilipopita kituo cha treni cha Gare du Midi, macho yangu yalimtafuta kati ya wageni wanaoshuka na mizigo.

“Acha tu, Daktari.”

“Non, mutoto yangu! Miye walinikataza kujua. Weye, nani alikukataza?”

Akangoja, mzee wa watu, kwenye baridi ile. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yangu yalikuwa hayo. Nikasema: Murhula. Nikalia mpaka watu wakageuka kutazama. Naye akalirudia jina kwa ulimi wake mzito, tena na tena, mpaka likamkaa sawa.

Murhula hakurudi, mwanangu. Namtamani mpaka leo, na sioni haya kusema.

Basi sikia. Usiwafungie mdomo watu wako kwa sababu kuwataja kunauma. Mimi nilinyamaza nikidhani namhifadhi ndugu yangu, kumbe ningekunyima wewe mjomba. Alikuwa akianza kucheka kabla hajamaliza hadithi yake mwenyewe, na ugali wa moto hakuwa na subira nao. Ukipata watoto, waambie hivyo hivyo. Mungu akulinde, akupe umri mrefu na meza yenye watu, na siku utakayoondoka asikosekane nyumbani mtu wa kukutaja.