Viatu vya Kaylin

Charlene simpendi, na wala sijifichi. Alimwachia dada yake Verna mtoto mchanga, akaaga kwamba anatoka mara moja, akarudi binti yuko sekondari. Na hata kurudi kwenyewe alifuata mbio, si mtoto. Kaylin, huyo binti, alikuwa ameshinda mashindano ya mbio ya shule, picha yake ikatoka gazetini hapa Riverside, ghafla mwenzetu akakumbuka kwamba aliwahi kuzaa.

Verna nafanya naye kazi chumba cha panya wa utafiti, pale chuoni. Tuna ukoo wa panya waliochaguliwa kizazi hadi kizazi kwa kupenda kukimbia. Ukiwawekea gurudumu kizimbani, hawashuki. Tunao pia wa kawaida, wavivu kama mimi. Vitoto vikizaliwa, Verna anavibadilisha: vya mkimbiaji vilelewe na mvivu, vya mvivu vilelewe na mkimbiaji. Kwanza anavisugua na matandiko ya mama mlezi vishike harufu yake, la sivyo mama huyo anaweza kuvitafuna. Mikono ya Verna haina mfano. Mdomo wake ndio balaa.

Jumapili hiyo tulikuwa uani kwake tunakula nyama ya kuchoma na maharage. Charlene akatangaza kwamba Kaylin anahamia kwake Fresno, kocha ameshapatikana. Kisha akauliza, kwa sauti ya upole, "Hivi dada, vile vipanya ukivihamisha vinakuwaje?"

Na Verna, kwa kuipenda kazi yake, akajibu. "Malezi yanabadilisha mambo kadhaa. Lakini cha mkimbiaji kitakimbia tu, hata kikinyonya kwa mvivu."

Nilitamani nimzibe mdomo kwa mkate.

"Umesikia mwenyewe," Charlene akasema. "Miguu hiyo ni yangu. Wewe ulishika chupa ya maziwa tu."

"Na wewe wakati huo ulikuwa umeshika nini?" Verna akauliza.

"Usinitukane mbele ya mwanangu. Kaylin, huyu ni mama mkubwa. Mama yako ni mimi."

Kaylin alikuwa anafunga kamba za viatu aende mazoezini. Akazifungua. Akavivua viatu, akaviweka kwenye sahani ya Charlene, juu ya maharage.

"Kama mbio ni zako, kimbia wewe." Akamgeukia Verna. "Mama, nipe chumvi."

Charlene aliondoka peke yake, na asirudi. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Verna hakucheka.

Tangu hapo Kaylin hajakimbia. Basi la shule likianza kuondoka, analitazama tu liende. Verna amembembeleza, amemfokea, amemnunulia viatu vipya. Viko mlangoni, havijavaliwa. "Nikikimbia nitakuwa wake," anasema, basi, mjadala umekwisha.

Jana nilimkuta Verna mbele ya kizimba, panya mmoja anazungusha gurudumu kama kalogwa. Nikamuuliza analia nini, si mtoto amebaki naye.

"Amebaki," akasema. "Lakini nilikuwa napenda sana kumtazama akikimbia."